Leo Tena, Leo ya Mvua

Jumapili, 2 Februari

Kitinda,

Barua yako imenifikia kwa mkono wa dereva wa lori la saruji. Inanuka dizeli lakini inasomeka. Kuhusu simu nimekubali: kama huko kambini mtandao haushiki mpaka mtu apande juu ya tangi la maji, afadhali tuandikiane. Sitaki kuletewa habari kwamba umevunjika mguu ukitafuta kunisalimia.

Sasa darasa, kwa mpangilio.

Kompyuta zote nne zinafanya kazi. Kile chumba nyuma ya maktaba hakuna anayekiita stoo tena. Utaratibu wako wa nyumba moja vyumba vingi wameuelewa: mwanafunzi anaandika jina lake na neno lake la siri, anaingia chumbani kwake na kukuta vitu vyake alivyoviacha, hata kama asubuhi kiti hicho kilikaliwa na mwingine. Mama Mapacha hufunika kibodi kwa mkono mmoja asionekane anaandika nini, huku akilitamka neno la siri kwa sauti, herufi moja moja. Ufunguo mkuu wa vyumba vyote ninao mimi peke yangu, kama ulivyoagiza.

Wananiita Mwalimu. Nimewakataza mara moja tu, tena si kwa nguvu.

Mzee Kinyozi, aliyekunyoa tangu una meno ya utotoni, hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Ameichagua kompyuta ya dirishani kwa sababu kutoka pale anakiona kibanda chake, mteja akija anamwona. Anaandika kwa vidole viwili, polepole, kama anamnyoa mtoto aliyelala. Anaandika nini, sijui. Nikipita nyuma yake anajifanya anakohoa. Jana tu aliniita nimwangalizie sentensi moja. Ameandika "mkewangu", neno moja. Nikamwambia, "Mzee, haya ni maneno mawili, bonyeza hiki kitufe kirefu yatengane." Akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, mimi na yeye tumeishi mpaka anazikwa hatujatengana, leo wewe unataka kututenganisha kwa kidude hiki?" Darasa zima likacheka. Nimeliacha neno lake lilivyo.

Shida ni moja. Hiyo kompyuta yake imekuwa nzito na inahema kama mtu aliyepanda kilima na ndoo kichwani. Niifanyeje?

Kitambaa cha njano ulichoacha kwenye droo nimekitandika chini ya printa. Kimependeza.

Dada yako


Jumatano, 12 Februari

Dada mpendwa,

Nimecheka peke yangu mpaka mpishi wa kambi akaja kunigusa paji la uso. "Unataka kututenganisha kwa kidude hiki!" Huyo mzee asife kamwe.

Kompyuta ya dirishani haina ugonjwa wowote. Imejaa tu, na kwa jinsi inavyotumika pale nilitegemea. Ifute. Ukishaanza hiyo, zifute zote nne, halafu uzoee kufanya hivyo kila Jumamosi. Usiwe na huruma, futa mpaka ndani kabisa, maana kidogo kidogo kinachobaki ndicho kinachoua mashine. Utaona itakavyonyamaza. Hii si kazi ya kumwita fundi. Hata wale mapacha wa Mama Mapacha wangeiweza, na bado hawajaanza shule.

Na kitambaa cha njano si pambo, dada. Kitoe chini ya printa kabla sijaja kukitoa mwenyewe.

Huku tumesimamisha nguzo ya pili ya mawasiliano. Ya kwanza ilikataa kusimama wima, tukaibembeleza siku nzima kama bibi harusi.

Msalimie Kinyozi. Mwambie nimesema asikose darasa hata siku moja.

Kitinda


Jumapili, 23 Februari

Kitinda,

Nimezifuta zote nne, Jumamosi iliyopita na jana tena. Ya dirishani imekuwa nyepesi kidogo, ingawa bado inahema.

Darasa linaendelea. Alhamisi mvua ilinyesha, paa halikuvuja.

Kuna mwanafunzi ameuliza swali, nikaona nisimjibu kwa kubahatisha. Je, kitu kikishafutwa kwenye kompyuta, na lile pipa la taka likishamwagwa, kuna namna ya kukirudisha? Ni swali la darasani tu. Lakini nijibu dereva akigeuza, asikae na jibu lako siku nyingi.

Mzee Kinyozi hakuja wiki hii. Nadhani ana wateja.

Kitambaa nimekitoa. Nimekikunja na kukirudisha kwenye droo.

Dada yako


Jumanne, 4 Machi

Dada yangu,

Mwambie mwanafunzi wako ameuliza swali la mtu mzima. Pipa likimwagwa, kitu hakiondoki siku hiyohiyo. Kinabaki kama maandishi ya ubaoni yaliyopitishiwa kiganja: unayaona kwa mbali, mpaka mtu aandike mengine juu yake. Kwa hiyo la muhimu ni mashine isiguswe. Izimwe, ikae, mpaka nije na kifaa changu. Ikiendelea kutumika, basi tena.

Nimefurahi umezifuta. Lile dirisha linaingiza vumbi lote la barabarani, na ile kompyuta inalivuta ndani kama mvuta ugoro. Kama bado inahema, bila shaka hukufungua kifuniko cha pembeni. Fungua, upulize, halafu upitishe kitambaa cha njano. Nilikuachia hicho makusudi kwa sababu hakiachi nyuzi. Usitie maji tu!

Sasa Kinyozi. Habari kwamba haji imeninyima raha, na nitakwambia jambo alilonikataza nisikwambie. Siku moja kabla sijaondoka alininyoa bure, kisha akaniambia daktari amemweleza kuwa kichwa chake kimeanza kuvuja. Majina yanamtoka, siku zinachanganyika. Akaniuliza kama kweli kompyuta haisahau. Nikajigamba: "Mzee, haisahau kitu." Ndiyo maana alijiandikisha. Anaandika habari za marehemu mkewe, kila anachokikumbuka, wakati bado anakikumbuka. Hataki kuonewa huruma, hasa na wewe, maana anasema darasani kwako anajiona kijana.

Basi mfuate nyumbani. Mrudishe.

Kitinda


Ijumaa, 14 Machi

Kwako Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni binti wa yule kinyozi aliye mkabala na darasa lako. Tulionana siku ya msiba wa mama, sidhani kama utanikumbuka. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu huwa napayuka.

Naomba baba asiporudi darasani usimfuate. Aliniambia mwenyewe yaliyotokea. Miezi miwili alikuwa akitusimulia anaandika kitabu cha mama, tukamwamini, hata wajukuu wakawa wanakisubiri. Kumbe alikuwa anakaa tu mbele ya kioo cha kompyuta. Anasema, "Mwalimu alifungua chumba changu, hakuna kitu. Sikuwahi kuandika, mwanangu. Nilidhani naandika." Tangu siku hiyo haniulizi kitu wala habishi kitu. Baba yangu, Mwalimu! Mtu aliyekuwa anabishana na redio.

Wiki iliyopita alimwacha mteja kitini na shuka shingoni, akaenda kununua sabuni, akapitiliza mpaka nyumbani. Nimeamua kukifunga kibanda mwisho wa mwezi na kumchukua aje kuishi kwangu. Ana wembe mkononi, nikisubiri mpaka amkate mtu nitasema nini? Yeye mwenyewe ameshakubali.

Ila kaka zangu wananiona katili. Wanasema mtu anayejifunza kompyuta hajafika huko. Ndiyo maana nakuomba, kama hutajali, uniandikie mistari michache kuthibitisha kwamba kweli hakuna alichoandika. Wewe ni mwalimu wake, neno lako watalisikia.

Wako,
Binti wa Kinyozi


Jumapili, 16 Machi

Kwako Binti wa Kinyozi,

Marahaba. Nakukumbuka vizuri. Ulikuwa umemshika baba yako mkono usiku na mchana.

Umeniomba mistari michache. Ni hii.

Baba yako aliandika. Aliandika tangu siku ya pili ya darasa, kila siku, bila kukosa. Kila alichoandika alikihifadhi, na alihifadhi vizuri kuliko wengine wote. Mimi ndiye niliyekifuta. Nilielekezwa kufuta vumbi kwenye kompyuta, nikaelewa nifute yaliyomo ndani. Sikuuliza, kwa sababu niliona aibu mwalimu kuuliza jambo kama hilo. Nilitumia ufunguo wangu nikaingia chumbani kwake bila yeye kujua. Kila karatasi alikuwa ameipa jina la siku: "leo", "leo tena", "leo nyingine", "leo ya mvua". Nikaona ni mazoezi yaliyorudiwarudiwa kama ya wenzake, tena ndiyo mengi kuliko ya wote. Sikufungua hata moja. Nilizifuta zote, nikamwaga na pipa.

Aliponiuliza ziko wapi, nilimwambia huenda hakuhifadhi. Nilijua si kweli wakati nasema hivyo.

Kuhusu wembe na kibanda siwezi kukushauri, wewe unaishi na hofu hiyo, mimi siishi nayo. Lakini usiamue kwa sababu ya uongo wangu. Siku ile hakuna kitu alichokisahau baba yako. Mkumbukie hilo.

Wasomee kaka zako. Msomee na yeye, tafadhali, kabla ya kuwasomea wao. Ningemwambia mwenyewe. Nimefika mlangoni pa kibanda chake siku mbili, na siku zote mbili nimenunua kiberiti duka la jirani nikarudi.

Mwalimu


Jumapili, 16 Machi

Kitinda,

Ndani utakuta nakala ya barua niliyoituma leo kwa binti wa Kinyozi. Isome kwanza, ndipo urudi hapa.

Sasa umejua mwanafunzi aliyeuliza swali ni nani. Jibu lako lilipofika, kompyuta ya dirishani ilikuwa imeshatumika wiki tatu. Niliizima siku hiyohiyo, mbele ya Mama Mapacha aliyekuwa anaandika. Alidhani nimemkasirikia.

Kuna kitu sikumwandikia yule binti kwa sababu ni baba yake. Wewe nitakwambia. Mzee alipokuta hakuna kitu, aliinama akaangalia chini ya meza, kama mtu aliyeangusha miwani. Kisha akasema, "Mwalimu, vitu vyangu viko wapi?" Nami nikasema lile neno langu, huenda hukuhifadhi, inatokea. Mama Mapacha akadakia: "Mzee, kumbe ulikuwa unaandika hewani!" Wakacheka wote. Ni utani wa darasani, wanataniana hivyo kila siku, na yeye alikuwa akiwarudishia. Safari hii hakurudisha. Akajigusa kichwani hapa, juu ya sikio, akatabasamu kama anayeomba radhi.

Na mimi nilicheka, Kitinda. Nilicheka pamoja nao ili wasinitazame.

Unajua nilivyo na shajara yangu, haipiti siku. Siku hiyo niliandika hali ya hewa na idadi ya waliohudhuria, basi. Nilimficha hata msomaji asiyekuwepo.

Usiniandikie kwamba ni bahati mbaya. Kufuta kulikuwa bahati mbaya. Yaliyofuata niliyafanya nikiwa macho.

Dada yako


Jumatano, 26 Machi

Dada yangu,

Sitakuandikia kwamba ni bahati mbaya.

Nitakuandikia langu. Ningesema "vumbi", neno moja tu, mzee angekuwa na mkewe. Niliona kichwani mwangu kitambaa cha njano, nikadhani na wewe unakiona. Halafu nikatia na ule utani wa mapacha, kwamba hata wao wangeiweza. Nani angeuliza baada ya hapo? Na lile la ugonjwa wake ungelijua mapema, usingepita ndani ya chumba chake kama unafagia uwanja. Nilijiona mtunza siri mzuri.

Nina siku mbili za likizo mwezi wa tano. Nitakuja na kifaa. Iache kompyuta imezimwa, lakini usimwahidi mzee chochote. Nilishamwahidi mimi kwamba haisahau, inatosha.

Kitinda


Jumamosi, 5 Aprili

Kwa Mwalimu,

Naandika kwa kompyuta ya mlangoni kwa sababu ya dirishani umeifunga kama duka la mdaiwa. Mama Mapacha amenionyesha printa. Wewe umetoka nje, usinigombeze.

Binti yangu alinisomea barua yako nikakasirika sana. Kesho yake akanisomea tena, nikakasirika upya kama ndiyo kwanza naisikia, mpaka akaniambia baba, hasira hii uliimaliza jana. Kwa hiyo ujue umekasirikiwa mara mbili kwa kosa moja.

Nataka nikwambie ulichonifanyia maana naona hukijui vizuri. Siku ile nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Kusahau jina la mteja nilikuwa nimekuzoea. Kusahau sabuni nimekuzoea. Lakini kama naweza kukaa miezi miwili nadhani naandika kumbe siandiki, basi mimi sipo tena, anayetembea ni mwingine. Hilo ndilo, Mwalimu. Kufuta si kitu. Mimi nimewahi kumnyoa bwana harusi nyusi.

Yale ya mkewangu nimejaribu kuyaandika tena. Mengine yamekuja. Mengine nakumbuka kwamba niliyakumbuka, basi.

Kibanda hakijafungwa. Tumekubaliana na binti kwamba wembe nimeuacha, nanyoa kwa mashine tu, na fundi viatu wa mlango wa pili anaangalia nisitoke mteja akiwa kitini. Ananiita mfungwa. Mimi namwita askari jela.

Barua yako nimeibandika kwenye kioo cha kazi, upande wa kushoto, chini ya bei. Nikianza kujishuku naisoma. Jina lako sikulifunika, maana bila jina haina nguvu. Samahani kwa hilo.

Kinyozi


Jumapili, 18 Mei

Kitinda,

Asante kwa siku zako mbili. Najua ulitaka kuokoa maandishi zaidi. Nilikuona ulivyokuwa unazungusha kile kifaa mkononi, hutaki kunitazama. Lakini yale majina matupu uliyoyapata, ambayo ndani hayana kitu, nimeyachapisha kwa mpangilio wake nikampelekea: leo, leo tena, leo nyingine, leo ya mvua. Aliyapitia kwa kidole. Alipofika kwenye "leo ya mvua" akacheka peke yake. Sikumwuliza kwa nini. Ameyabandika chini ya barua yangu.

Darasani nimebadilisha maneno. Vumbi tunapangusa. Kufuta ni kufuta, na hakuna anayefuta cha mwenzake asipokuwepo mwenyewe, hata mimi. Niliwaeleza sababu, wote, nimesimama. Mama Mapacha alilia, akasema yeye ndiye aliyesema "hewani". Nikamwambia wewe ulitania.

Kila Jumamosi nikimaliza kupangusa huwa navuka barabara kwenda kibandani. Barua iko palepale, imeanza kujikunja pembeni kwa mvuke wa taulo. Wateja wanaisoma wakiwa wananyolewa, hawana pa kugeuzia shingo. Wengine nawafahamu. Mwanzoni nilikuwa nasimama nje.

Jana nilikuta mteja mmoja kitini. Mzee akazima mashine, akaionyesha barua kwa kitana. "Mwalimu, hii ni kweli? Kweli niliandika?"

"Ni kweli, Mzee. Uliandika."

"Na aliyefuta nani?"

"Mimi."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akawasha mashine, akaendelea na kisogo cha yule bwana. Tukazungumza habari za mvua. Hajafika kwenye sikio la pili, akaizima tena. Akaionyesha barua kwa kitana. "Mwalimu, hii ni kweli?"

Yule mteja aliona aibu kwa niaba yangu, akainamisha uso kwenye shuka. Mzee alikuwa ananitazama kwenye kioo, anasubiri, na macho yake yalikuwa na hofu ileile ya mwanzo, nzima, kama haijawahi kujibiwa.

Nikamjibu upya.

Dada yako